Pikipiki Inalala Wapi

Kilema, 11 Juni 1995

Mpendwa Dada Mektrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena, kwa sababu sijui kama inafaa kumwandikia sista wa shirika habari za pikipiki. Lakini Padre aliporudi kutoka huko Mbulu alitusimulia jinsi alivyokukuta umelala chali chini ya pikipiki ya zahanati, shela umelitundika kwenye mti, grisi imekufika kwenye viwiko. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Basi nimeona sina mwingine wa kumwuliza. Mafundi wa mjini nawaogopa, wanasema haraka na mimi naitikia hata nisichokielewa.

Ni pikipiki ya Baba, ile ya bluu aliyouziwa na idara alipostaafu ubwana mifugo. Tangu tumzike haijatembea sana. Nikifungua swichi, taa inawaka na honi inalia vizuri. Nikibonyeza kitufe cha selfu nasikia "tik" moja tu chini ya kiti, taa inafifia kama mtu anayesinzia, basi. Stata haizunguki. Kiki unajua mwenyewe ilivunjika meno tangu enzi za Baba, hakuitengeneza kwa sababu selfu haikuwahi kumwangusha. Nikiiteremsha kuelekea kanisani inawaka yenyewe, maana kwetu huku kila kitu kinachoteremka kinawaka. Shida ni ikizimika huko chini. Hapo naisukuma kupanda, na watu wanatoka migombani kuja kutazama.

Nikueleze kwa nini nina haraka. Huku chama cha ushirika ninakofanya ukarani mambo si mazuri. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, watu wanawapelekea wao kahawa kwa kuwa wanalipa papo hapo, na mwenyekiti ametuambia makarani tujitafutie mapema, msimu ukiisha hatutakuwepo. Mimi ndiye mdogo kuliko wote. Ila kuna kampuni moja iliyofungua ghala Moshi, inatafuta wakala wa kununua kahawa huku kwetu. Msimamizi wao anaitwa Bwana Ebenezeri, mtu wa Machame. Aliniuliza jambo moja tu: "Karani, una pikipiki inayowaka?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, Dada, na haiwaki. Atataka kuiona mwezi wa tisa, kabla ya kahawa kuwa nyingi.

Nikipata kazi hiyo nitaweza kumjengea Mama, hata vyumba viwili. Nisipoipata sijui tutafanya nini. Naomba unielekeze kwa barua, taratibu, kama unavyomwelekeza mtu asiyejua.

Mama anakusalimu. Hajambo.

Mdogo wako,
Wenseslaus

*

Misheni, Mbulu, 24 Juni 1995

Wensi mdogo wangu,

Milele, amina. Usichane tena barua, mimi nazisoma hata zenye makosa. Na mwambie Padre kwamba shela sikulitundika kwenye mti, nililikunja nikaliweka kwenye kiti kama mtu mwenye adabu.

Umenieleza vizuri kuliko wauguzi wangu wanavyoeleza wagonjwa. "Tik" halafu taa kufifia, hiyo ni njaa ya umeme. Stata inakula sana, taa inakula kidogo. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa na kupiga honi ukadhani ni nzima, ukiiomba izungushe injini inazimia. Kwa hiyo anza na betri. Itoe, waya mweusi kwanza na mwekundu baadaye, usije ukajiunguza. Tazama kama maji yake yamefunika bamba. Yakiwa yamepungua ongeza maji ya betri, si maji ya mfereji wa mfongo. Kisha ipeleke Moshi ikachajiwe, ilale huko, wasikuharakishe. Vichwa vyake visugue kwa msasa mpaka ving'ae.

Haya ya mafundi nilifundishwa na Bruda mmoja aliyekuwa hapa, mkali kama pilipili. Alikuwa akisema pikipiki haidanganyi, anayedanganya ni yule anayeileta. Nikikuuliza kitu nijibu kama kilivyo.

Mbona unataka kumjengea Mama? Nyumba ya Baba ina nini? Inavuja?

Halafu Baba Mdogo Rogath aliniandikia kabla ya Pasaka. Ndani ya bahasha alitia kipande cha jani la isale, limekauka mpaka likawa kama karatasi. Anasema amerudi nyumbani moja kwa moja baada ya kupunguzwa kazini Tanga, na anaomba nimsamehe kama kuna lolote. Masista wenzangu waliniuliza kama hilo ni jani la chai. Nikawaeleza kwamba kwetu mtu akikujia na isale hukatai, ukikataa unajitafutia balaa. Nikamjibu siku ileile. Mpaka leo sijui alinikosea nini, labda vile viatu vya Krismasi alivyotuahidi tukiwa wadogo.

Niandikie habari za Mama kwa urefu. "Hajambo" si habari.

Dada yako,
Sr. Mektrida

*

Kilema, 5 Julai 1995

Mpendwa Dada,

Nashukuru kwa barua. Betri niliitoa kama ulivyosema, nikaishusha Moshi ndani ya kikapu, nimeifunika kwa majani ya mgomba watu wasinicheke. Walichekea kikapu. Fundi wa chaji pale mtaa wa Soweto aliipima akasema, "Betri hii haina ugonjwa, kijana. Mgonjwa ni huko ilikotoka." Aliichaji hata hivyo. Nikairudisha, nikasugua vichwa, nikafunga, nikasema Salamu Maria, nikabonyeza.

Tik.

Dada, siku ile nilikuwa nimejipa moyo sana. Nilikuwa nimeshavaa shati la kazini ili niende nayo chamani wanione. Nikaisukuma mpaka barabarani nikaiteremsha, ikawaka, nikafika. Jioni ilikataa na nikaipandisha kwa mabega. Mzee Elifuraha, yule mwenye duka, alinipigia kelele kutoka barazani: "Karani! Umepata pikipiki au umepewa msalaba?" Watu wote dukani wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ili isionekane nimeumia. Mwanamke mmoja akaongeza, "Mwacheni, yuko kituo cha tatu cha msalaba, ameanguka mara ya kwanza." Walicheka tena.

Nimefikiri labda ni kitufe chenyewe, au kile kidude kinacholia tik. Naogopa kukifungua. Bwana Ebenezeri nilimwona sokoni akaniuliza, "Kile chuma chako kinapumua?" Nikasema kinapumua. Sasa nimedanganya mara ya pili.

Nyumba haivuji. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ni hii baridi ya Julai, ukungu hautoki mpaka saa za mchana. Anakunywa mtori. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Mdogo wako,
Wenseslaus

*

Misheni, Mbulu, 17 Julai 1995

Wensi,

Nimefurahi kwa ndama. Kikohozi cha Mama sikukipenda, mpeleke zahanati ya misheni. Na umeruka habari za Baba Mdogo kama mtu anayeruka dimbwi. Anakaa wapi? Kwa nani?

Nilikosea kuhusu betri, au tuseme niliotea. Sasa hatuotei tena. Sikiliza vizuri, hii ndiyo njia aliyonifundisha Bruda, na haihitaji chombo chochote cha mjini.

Chukua balbu ya taa ya nyuma. Ifunge nyaya mbili nyembamba, mmoja kitakoni, mwingine ubavuni. Jaribu kwanza kuigusisha kwenye vichwa viwili vya betri. Ikiwaka, ni nzima. Sasa waya mmoja wa balbu ushikize kwenye kichwa hasi cha betri, na mwingine kwenye chuma cha injini, mahali ulipokwangua kukawa kweupe. Balbu haitawaka. Bonyeza selfu huku ukiitazama.

Umeme unatoka kwenye betri kwa waya mwekundu, unafanya kazi kwenye stata, halafu lazima urudi nyumbani kwake kwa ule waya mnene mweusi unaofunga betri na injini. Kama njia ya kurudi ni wazi, umeme utapita humo na balbu itabaki giza. Kama njia imeziba, umeme utatafuta uchochoro, utapita kwenye balbu yako, na itawaka. Ikiwaka, tumempata mwizi: ni ule waya mweusi, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Ikibaki giza, fanya hivyohivyo kwenye waya mwekundu, kutoka betri mpaka stata, ubonyeze tena.

Usiogope kufungua vitu. Pikipiki ya Baba haiwezi kukufukuza kazi.

Dada yako,
Sr. Mektrida

*

Kilema, 29 Julai 1995

Mpendwa Dada,

Imewaka.

Namaanisha balbu. Nilibonyeza, ikasikika tik, na ile balbu ndogo ikawaka nyekundu mkononi mwangu, mahali ulipoandika kwamba isiwake. Nilirudia mpaka nikaogopa nitamaliza betri. Nilimwita Mama aje aone. Alitazama akasema, "Sasa hiyo inayowaka ndiyo mbovu?" Nikamwambia ndiyo, Mama, ikiwaka maana yake kuna njia imeziba. Akasema, "Wasomi mna mambo," akarudi kwenye majani yake. Lakini alikuwa anatabasamu.

Nikaufungua ule waya mweusi. Ncha zake zote mbili nilikuwa nimezisugua zikang'aa, kwa hiyo sikuelewa. Nikachana plastiki kwa kisu kidogo kidogo. Ndani hamna waya, Dada. Shaba yote imegeuka unga wa kijani, kama dawa ile tunayopulizia mibuni. Zimebaki nyuzi chache ambazo ukizikunja zinakatika bila sauti. Nikajaribu kuchana ule mwekundu pia, pale karibu na betri, nao umeanza kuwa kijani. Hata kwenye swichi nikaona kijani.

Kwa hiyo nimefurahi, na furaha yenyewe imekwisha palepale. Nikibadilisha mmoja mwingine utaoza. Je, ni ugonjwa wa pikipiki nzee? Baba hakuwahi kupata tatizo hili hata mvua ya masika ikimkuta njiani. Unaweza kuniambia ni nini kinachoila?

Chamani wametutangazia rasmi. Mwisho wa Septemba.

Mdogo wako,
Wenseslaus

*

Misheni, Mbulu, 8 Agosti 1995

Wenseslaus,

Ule unga wa kijani naujua. Hapa misheni tulivuta taa mpaka zizi la ng'ombe ili tukamue tukiwa tunaona. Haikupita muda taa zikafa, na Bruda alipochana nyaya akakuta hichohicho ulichokikuta wewe. Mvua haifanyi hivyo. Uzee haufanyi hivyo. Ni mvuke wa mkojo wa ng'ombe. Unaingia kwenye ncha za waya, unatambaa ndani ya plastiki, unakula shaba. Na haufanyi hivyo kwa siku chache za kuegesha. Lazima chombo kilale humo, tena humo ndani kabisa, mlango umefungwa, kila siku.

Pikipiki inalala na ng'ombe.

Baba alikuwa akiilaza sebuleni, juu ya gunia, na Mama alikuwa akilalamika harufu ya petroli. Wewe mwenyewe ulikuwa unaipiga teke ukipita gizani. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuitoa sebuleni aipeleke bandani bila sababu.

Sasa nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. "Nyumba haivuji." Nilikuuliza ya Baba ina nini, ukanijibu haivuji. Barua zenyewe zinanuka moshi na zizi, nami nilidhani unaziandika wakati wa kukamua.

Nakuuliza kama Bruda alivyokuwa akiuliza. Pikipiki inalala bandani tangu lini? Na wewe unalala wapi? Mama analala wapi?

Sr. Mektrida

*

Kilema, 16 Agosti 1995

Dada yangu mpendwa,

Tunalala bandani. Sisi wawili, ng'ombe, ndama na pikipiki. Tumeweka ukuta wa udongo katikati, kama nyumba za zamani za kina Bibi. Mama ndiye aliyenikataza nisikuandikie. Alisema, "Ng'ombe hajalalamika, nilalamike mimi?" Na akasema umeolewa na Mungu, huko uliko usisumbuliwe na mambo ya huku.

Ilikuwa baada ya Pasaka. Baba Mdogo Rogath alikuja asubuhi na isale mbichi mkononi. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Shemeji, nakuomba radhi." Mama akamwuliza, "Radhi ya nini, shemeji?" Akasema, "Pokea kwanza." Mama akapokea. Dada, nilikuwepo, nimesimama na kikombe cha chai. Alipokea kabla ya kujua, kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angepokea.

Ndipo akaeleza. Kihamba hiki cha ukoo, migomba na nyumba, ni cha Babu, na kwa mila kinarithiwa na mtoto wa mwisho, ambaye ni yeye. Baba aliachwa hapa kumtunza Babu wakati yeye yuko kazini Tanga. Baba alikuwa na kihamba chake kule karibu na mto, nacho kiliuzwa wakati mimi na wewe tunasoma. Sasa yeye amepunguzwa, hana pa kwenda, mke na watoto wako njiani. Ukoo ulikaa. Mama aliambiwa aseme, akasema tu kwamba mabati aliezeka Baba. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo mjane aondoke na mabati kichwani?" Wakacheka, hata wale wanaotupenda.

Kisha Baba Mdogo akatoa barua mfukoni. Ilikuwa ya kwako. Akanipa mimi niisome kwa sauti, kwa kuwa ndiye karani. Nilisoma, Dada. "Baba Mdogo, nimekusamehe yote kwa moyo mmoja, uishi kwa amani nyumbani kwa Babu." Sauti yangu haikutetemeka, nimezoea kusoma mihtasari ya chama. Wazee wakasema, basi, kifungua mimba wa marehemu ameridhia, na tena ni sista. Mama alinitazama. Nadhani alingoja niseme kwamba hukujua. Sikujua kama hukujua. Nilidhani ulikuwa umeambiwa kila kitu, na kwamba umetutoa sadaka. Ndiyo maana ulipoitaja barua ile niliruka.

Usimwandikie Baba Mdogo kwa hasira, nakuomba. Kila siku tunapita uani kwake. Niambie tu kuhusu waya.

Mdogo wako,
Wenseslaus

*

Misheni, Mbulu, 25 Agosti 1995

Wensi,

Niliona jani nikaona dini ya nyumbani, nikafurahi kukumbukwa. Sikuuliza. Masista waliuliza kuliko mimi.

Nimekwenda kwa Mama Mkuu kuomba ruhusa ya kuja. Amenisikiliza, amelia nami, akasema zamu yangu ya likizo ni mwakani, zahanati haina mtu mwingine. Ningekuja pia ningefanya nini? Sina shamba, sina chumba, hata pikipiki hii si yangu. Niliapa kutokuwa na kitu, na niliapa kwa furaha.

Basi waya. Kama hupati waya mnene, nunua nyaya nyembamba za shaba, nyingi, uzisuke kama unavyoona wasichana wakisukana, mpaka ziwe nene kama kidole chako kidogo. Mwombe fundi akuchomelee ncha kwa risasi. Ufunge mmoja badala ya mweusi, mwingine badala ya ule mwekundu mnene. Mahali pote ulipofunga paka grisi, usiache shaba hata kidogo inayoona hewa. Swichi isugue kwa msasa laini.

Na itoe bandani. Usipoitoa, mpaka Krismasi itakuwa imeliwa tena. Wewe mwenyewe huwezi kusema, najua. Nitamwandikia Baba Mdogo bila hasira, nimwombe mahali pa kuilaza. Nitamwombea na Mama mahali pa kulala. Pikipiki nitaitanguliza, ili asishtuke.

Nilikukosea. Sikuletei jani lolote.

Dada yako,
Mektrida

*

Kilema, 6 Septemba 1995

Kwa mwanangu Sista Mektrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipokea kwa heshima. Sikuona ndani yake ukali niliouogopa, nami nakushukuru.

Kuhusu pikipiki ya marehemu kaka yangu, usingehitaji hata kuomba. Chuma kama kile hakilazwi na wanyama, ni mali. Siku ileile nilimwita Wenseslaus tukaiingiza sebuleni. Nimeiwekea gunia chini na nimewakataza watoto wasiiguse. Kijana ameisukia nyaya kwa ustadi, nilikaa naye nikimmulikia. Ilipowaka ndani ya nyumba watoto walikimbia nje, sisi wawili tukacheka sana. Ana mikono ya baba yake.

Kuhusu shemeji, mwanangu, usifikiri mimi ni mnyama. Nilimwambia aje alale chumba cha nyuma, kile cha mahindi, nikimaliza kukitengeneza. Hakunijibu. Mtu asipojibu utamfanya nini? Wewe unafikiri nilipenda kurudi na sanduku moja baada ya kuacha ujana wangu wote kiwandani? Walituita uani, wakatusomea majina, jioni tukawa barabarani. Ningekwenda wapi, kama si kwa baba yangu?

Utuombee. Nami natafuta chochote cha kufanya, hata umri huu.

Baba yako mdogo,
Rogath

*

Kilema, 1 Oktoba 1995

Mpendwa Dada,

Nimechelewa kuandika. Nilitaka niandike nikiwa nimetulia, lakini naona nisingoje hilo.

Nilishuka Moshi siku aliyoniambia Bwana Ebenezeri. Ghala lao liko mahali tambarare kabisa, hakuna mteremko hata wa kuviringisha chungwa. Nilizima injini palepale katikati ya ua kwa makusudi, wapakiaji wananitazama. Bwana Ebenezeri akatoka na kikombe mkononi. "Haya, karani. Tuone kama mlikuwa mnanidanganya, wewe na chuma chako." Nikabonyeza. Dada, iliwaka kabla sijaondoa kidole. Wapakiaji walipiga makofi. Mmoja akasema, "Hiyo inaamka kuliko bosi," na Bwana Ebenezeri mwenyewe akacheka. Aliniambia nizime, niwashe, nizime, niwashe. Kila mara iliitika.

Akaniweka kiti. Akanieleza kazi, ni siku zipi nipite Kilema, siku zipi Kirua, kahawa ipimwe vipi. Nilikuwa naandika kila neno. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo la mwisho, "Na mizani italala wapi? Na magunia, kabla gari halijapanda kuyachukua?"

Nikasema nyumbani.

"Nyumba ina mlango wa kufuli?"

Nikasema ina.

"Ya kwako au ya mzee?"

Ningeweza kusema ya mzee. Baba ni mzee, hata kama amekufa. Lakini niliinama nikajifanya bado naandika, na yeye si mjinga. Akaweka kikombe chini. "Wenseslaus, unakaa wapi?" Nikamwambia. Sikumwambia bandani, nilisema tu nyumba ni ya Baba Mdogo na sisi tuko uani. Alikuna kichwa, akaonekana kuona aibu kwa niaba yangu. "Hilo sikukuuliza mapema," akasema. "Mtu wa mlimani humwulizi kama ana nyumba. Ni kama kumwuliza kama ana miguu." Kisha akasema, "Pikipiki naweza kumpa mtu hata kesho, kampuni imeagiza. Nyumba kampuni haitoi."

Akataka kumwona Baba Mdogo. Nilimpelekea ujumbe mwenyewe, nilimfikishia neno kwa neno. Baba Mdogo ndiye wakala sasa. Amepewa pikipiki mpya, nyekundu. Alikuja kwa Mama kumwambia, amevua kofia, na Mama akampongeza. Mimi Baba Mdogo aliniambia, "Utakuwa unaniandikia, mwandiko wako ni mzuri." Siku za kupima nakaa barazani, naandika majina ya watu wanaoleta kahawa. Mzee Elifuraha akileta ya kwake hanitanii tena. Hilo ndilo limeniuma kuliko alivyokuwa akinitania.

Chama kimenipa mkono wa kwaheri, mimi na wenzangu, tukagawiwa soda.

Kile chumba cha nyuma kimejaa magunia. Nilimwuliza Mama kama ni kweli alikaribishwa. Akasema, "Nilikaribishwa. Nikiingia kama mgeni, nitakuwa mgeni wa Rogath mpaka nife. Hapa hakuna aliyenikaribisha." Kikohozi bado. Muuguzi amesema asilale kwenye moshi wala mvuke wa zizi. Nilimwambia tutaangalia.

Pikipiki inakaa vizuri. Juzi nilifunua plastiki kidogo karibu na betri, shaba bado ni nyekundu kama ngozi ya ndama. Fundi wa chaji alisema betri isiachwe bila kazi, itakufa. Kwa hiyo kila asubuhi naenda kwenye nyumba ya Baba, nabisha hodi, nangoja nikaribishwe. Naingia, nabonyeza, inawaka mara moja. Naisikiliza kidogo mpaka iwe na joto. Naizima, nawashukuru, natoka.

Mdogo wako,
Wenseslaus